Mjomba anataka ghorofa juu ya nguzo za baraza, tuhesabu kwanza

Mjomba wangu ana nyumba Chuno, hapa Mtwara mjini. Aliijenga kidogo kidogo kwa hela ya korosho, msimu huu msingi, msimu ujao boma, msimu wa tatu bati, mnajua wenyewe nyumba za kwetu zinavyokwenda. Mbele kuna baraza lenye nguzo nne za tofali. Sasa korosho imelipa na amepata wazo, anataka atoe bati la baraza, amwage slabu, afu juu apandishe chumba na sebule ya kupangisha. Nikamuuliza, mjomba hizo nguzo zitabeba? Akanijibu jibu ambalo nimeshalisikia kwenye kila kijiwe cha kahawa hapa mjini: "Zina nondo humo ndani, wewe unaogopa nini?"

Na kwetu kusini mjomba humkatalii hivihivi, ukimkatalia lazima uwe na sababu unayoweza kuikalia kikao. Kwahiyo nikakaa na kalamu, na hiki ninachoandika hapa ndo kile nilichomwandikia yeye, nimekinyoosha tu kidogo.

Tangu lile ghorofa la Kariakoo liporomoke tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, kila mtu amekuwa injinia. Wenye kumbukumbu wanataja na lile la mtaa wa Indira Gandhi la Machi 2013. Yale yalikuwa majengo ya fremu za zege, sio nguzo za tofali, na kila moja lina habari yake ambayo siingii humo. Ila maneno yaliyobaki mitaani baada ya hapo ni yaleyale, kwamba nyumba ikianguka basi nondo zilikuwa chache, na ukitaka usalama ongeza nondo. Kwa boriti na slabu kuna ukweli mkubwa hapo. Kwa nguzo ya tofali ukweli huo ni mdogo sana, na ndo nataka tuufungue.

Kwanza tuelewane ni nguzo gani. Sio ile ya zege inayomwagwa kwenye boksi la mbao. Hii inapandishwa kwa tofali za matundu, kozi moja (yaani mstari mmoja wa tofali) tofali mbili zinalala hivi, kozi inayofuata zinageuzwa zinalala vile ili viungo visifuatane, matundu yanapandana toka chini mpaka juu, ndani yanapita nondo na ringi zake (vile vyuma vyembamba vinavyozizunguka na kuzifunga pamoja), afu matundu yanajazwa zege laini. Humo kuna vitu vinne: tofali, udongo wa kujengea (ule mchanganyiko wa saruji na mchanga), zege la kujazia na nondo. Nguzo ikijengwa sawasawa hivyo vinne vinakuwa mwili mmoja. Ikijengwa ovyo vinabaki vitu vinne vilivyosimama pamoja kama abiria wa daladala, kila mtu na safari yake.

Mzigo na mkazo sio kitu kimoja

Beba ndoo ya lita 20 kichwani bila kata. Utosi unawaka, kitako cha ndoo kinakugusa sehemu ndogo na uzito wote umekaa hapohapo. Sasa shusha, kunja khanga yako iwe kata, ibebe tena. Ndoo haijapungua hata tone, shingo inabeba uzito uleule, lakini utosi umepoa. Kilichobadilika ni eneo linalopokea uzito. Basi uzito wa ndoo ndo mzigo, na ule uchungu wa utosi ndo mkazo. Mkazo ni mzigo gawanya kwa eneo, hamna siri nyingine. Ukiwa unabana, kama juu ya nguzo, unaitwa mkazo wa mgandamizo, na mzigo ukishuka katikati kabisa ya nguzo, kwenye mhimili wake, bila kuegemea upande, tunasema ni mkazo wa mhimili. Hicho ndo kitu cha kwanza kuhesabu kwenye nguzo yoyote.

Vipimo vyake vinatisha watu bure. Nyutoni ni kipimo cha nguvu, kilo moja ya sukari mkononi inakukandamiza kwa nyutoni karibu 10. Kilonyutoni moja ni kama kilo 100, na kilonyutoni 10 ni kama tani moja. Mkazo tunausema kwa nyutoni kwenye kila milimita ya mraba. Kuupata kichwani angalia ukucha wa kidole gumba, una kama sentimita moja ya mraba, sasa fikiria umewekewa ndoo ndogo ya lita 10 iliyojaa, uzito wote uishie kwenye ule ukucha. Hiyo ni nyutoni 1 kwa milimita ya mraba.

Na kipimo hiki umekishika mara nyingi bila kujua. Ile namba 32.5 au 42.5 kwenye mfuko wa saruji ndo hiyohiyo. Maana yake saruji ile ikichanganywa maabara na mchanga maalum kwa vipimo maalum, ikakaa siku 28, inatakiwa ivumilie kubanwa walau nyutoni 32.5 au 42.5 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kupasuka. Hapa kuna watu wanajidanganya, wanaona wakinunua ya 42.5 basi tofali zao zina 42.5. Hapana jamani. Wale wapiga tofali wa barabarani, mmoja kwenye mfuko anatoa tofali 30, jirani yake anatoa 50 kwa mfuko uleule, afu hazimwagiliwi, zinaanikwa juani siku mbili zinapakiwa kwenye Kirikuu. Namba ya mfuko imebaki kwenye mfuko.

Mzigo wa mjomba

Nguzo moja ya mjomba inahudumia eneo la mita 3 kwa 4, yaani mita za mraba 12. Sasa hivi juu yake kuna bati na kenchi, pamoja na upepo na fundi anayepanda kurekebisha niliweka kilonyutoni 15. Nguzo yenyewe ina uzito wake, kama 10. Jumla 25.

Akimwaga slabu ya milimita 150, zege lina uzito wa kilonyutoni 24 kwa mita ya ujazo, kwahiyo kila mita ya mraba ni 3.6. Ongeza sakafu ya juu na plasta ya chini 1.2, ongeza watu, vitanda, friji na makabati 2, inakuwa 6.8. Zidisha kwa 12 unapata kama 82. Boriti za kubeba hiyo slabu 10. Kuta za chumba cha juu, tofali na plasta, 57, na hapa ndo watu wanasahau, ukuta ni mzito kuliko watu wote watakaolala humo. Paa jipya 15. Nguzo yenyewe 10. Jumla ni 174, nikaandika 175.

Toka 25 mpaka 175. Mara saba. Mjomba aliponiambia nguzo zimesimama miaka sita hazina hata ufa nilimwambia ni kweli, zimeonyesha kwamba zinaweza kubeba 25. Kuhusu 175 hazijawahi kuulizwa. Kama 175 haikai kichwani basi chukua magunia ya korosho ya kilo 80, yapange magunia kama 220 juu ya nguzo moja, afu kaa chini yake unywe chai.

Eneo, hapo ndo pana mtego

Sasa tugawanye. Nguzo ukiitazama utasema ni sentimita 43 kwa 43. Nilichukua futi nikakwangua plasta kidogo kwenye kona, tofali yenyewe inaishia milimita 390. Plasta ni nguo, haihesabiwi, ikija kuachia haikuagi. Kwahiyo eneo ni 390 mara 390, milimita za mraba 152,100. Mzigo wa kilonyutoni 175 ni nyutoni 175,000. Gawanya, unapata 1.15. Ndoo ndogo moja na kitu juu ya kila ukucha. Ungehesabu na plasta ungepata 0.95, ukajiona tajiri.

Lakini hiyo 152,100 ni eneo la nguzo iliyojaa. Tofali ya matundu karibu nusu yake ni hewa. Kama matundu hayakujazwa, eneo la kweli la mjomba ni kama 79,000 tu, na mzigo uleule unatoa mkazo wa 2.2. Nguzo kwa nje ni ileile, plasta ileile, rangi ileile. Kwahiyo mtu akikwambia nguzo yangu ni nene swali la kwanza sio nondo, swali ni je, imejaa?

Na kujaza sio kumwaga juu ukaondoka. Zege la kujazia linatakiwa liwe la kutiririka, fikiria uji sio ugali, kwa sababu tofali kavu zinanyonya maji na njia ni nyembamba, kuna nondo, kuna ringi, kuna udongo uliodondoka ukaning'inia kwenye viungo. Fundi akiwa na zege gumu lenye kokoto kubwa akalimwagia kutoka mita tatu juu linakwama njiani, juu linaonekana limefurika safi kabisa na chini kuna pango. Fundi makini anajaza kila akipandisha kozi kadhaa, anashindilia kwa kipande cha nondo, na kozi ya chini anaacha kidirisha cha kutolea uchafu na kuhakikisha zege limefika. Maji mengi nayo yana ubaya wake, uji uwe uji, usiwe togwa.

Nondo zinabeba kiasi gani hasa

Hapa ndo tulipobishana na mjomba muda mrefu. Nguzo yake ina nondo nne za milimita 12. Nondo moja ya 12 ina eneo la milimita za mraba 113, nne ni 452. Linganisha 452 na 152,100, haifiki hata theluthi ya asilimia moja. Ndo maana nikisikia nondo zinabeba nguzo nacheka kidogo.

Lakini haki ya nondo tuitoe, maana zinabeba zaidi ya eneo lake. Chukua godoro na kigoda, vyote urefu sawa, weka ubao juu yake afu ukalie. Godoro linataka kubonyea, kigoda hakibonyei, kwahiyo kigoda kinachukua uzito mkubwa kuliko ukubwa wake. Nondo ndo kigoda. Chuma kina ukakamavu, yaani ule ubishi wa kukataa kubonyea, wa nyutoni 200,000 kwa milimita ya mraba. Nguzo ya tofali za saruji inakadiriwa kwa kuzidisha nguvu yake mara 900, na nikisema nguzo ya mjomba ina nguvu ya 5 (inavumilia nyutoni 5 kwa milimita ya mraba kabla ya kupasuka), ukakamavu wake ni 4,500. Gawanya 200,000 kwa 4,500 unapata kama 44. Maana yake kila milimita ya nondo inafanya kazi ya milimita 44 za tofali, ilimradi zimeshikana na zinafupika pamoja.

Kwahiyo wahesabuji wanaigeuza nondo kuwa tofali. Zile 452 zinahesabika kama nyongeza ya karibu 19,600 (tunazidisha 43 na ushei, sio 44, kwa sababu sehemu iliyokaa nondo tulishaihesabu mara moja kama tofali). Eneo jipya ni kama 171,700. Gawanya 175,000 humo, mkazo kwenye tofali unashuka toka 1.15 kuwa 1.02, na kwenye nondo ni 1.02 mara 44, kama 45. Zidisha 45 kwa 452, nondo zote nne zimebeba kilonyutoni 20. Katika tani 17 na nusu nondo zimechukua kama tani 2, nyingine zote 15 na nusu ziko kwenye tofali na zege. Yaani hata asilimia 12 haifiki sawasawa. Na nguzo nzima ya mita tatu chini ya mzigo wote huo inafupika chini ya milimita moja, hutaiona kwa macho.

Mjomba akasema basi tuweke nondo za 25. Nikamwambia ukiweka chuma kingi matundu yanajaa chuma, zege halipiti, unapoteza kile kinachobeba tani 15 ili uongeze kile kinachobeba tani 2. Kanuni ya Wamarekani ya majengo ya tofali, TMS 402, imeweka mipaka pande zote mbili: nondo zisipungue nne, eneo lake lisipungue asilimia 0.25 ya eneo la nguzo na lisizidi asilimia 4. Wahandisi wengi wa kwetu wamekulia kwenye kanuni za Waingereza, hii naitumia kwa sababu fomula yake inasomeka kirahisi. Kwa nguzo ya mjomba asilimia 0.25 ni milimita za mraba 380. Nondo nne za 12 zimepita. Nondo nne za 10, ambazo nazikuta kwenye mabaraza mengi hapa mjini, ni 314, hazijafika.

Halafu nondo bila zege ni waya tu. Kama pale iliposimama imezungukwa na hewa, hizo hesabu za 44 zifute, haibebi mzigo wowote wa maana. Chukua chelewa ya nazi isimamishe mezani ibane kwa kidole, inapinda pembeni hapohapo. Nondo inafanya vilevile, na kinachoizuia ni zege pamoja na ringi. Ringi zisiachane zaidi ya unene wa nondo mara 16, au unene wa ringi mara 48, au upande mdogo wa nguzo, unachukua iliyo ndogo. Kwa nondo ya 12 ni milimita 192. Mafundi wetu wengi wanaweka inchi 8, ambayo ni 203, na kozi ya tofali ya milimita 190 na udongo wake ni 200, kwahiyo ringi kila kozi tayari umepitiliza kidogo. Mie hapo huwa napandisha nondo iwe ya 16, inaruhusu mpaka 256, ringi kila kozi inatosha na fundi hasumbuki kukata tofali. Mnaona, sababu ya kuongeza nondo ni ringi, sio tani.

Je, 1.15 ni nyingi au kidogo?

Peke yake haina maana, lazima uilinganishe na nguvu ya nguzo. Na nguvu ya nguzo sio ya tofali moja. Inapimwa kwa kupanga tofali mbili tatu na udongo wake, zinajazwa zege lilelile, zinakaa siku 28, zinabanwa kwenye mashine mpaka zipasuke. Kanuni hiyo kwenye toleo la 2016 inakuruhusu utumie robo tu ya nguvu hiyo. Robo! Mjomba aliona ni uonevu, lakini ni kama kamba ya kisimani, hununui inayokatika kwa ndoo moja na tone. Ile robo inafidia fundi aliyechelewa kumwagilia, tofali mbovu iliyoingia katikati ya nzima, na mpangaji atakayejaza magunia chumbani bila kukuambia.

Tuseme nguvu ni 5. Robo yake ni 1.25, mara 152,100 ni kilonyutoni 190. Nondo zinaongeza: 452, mara mkazo unaoruhusiwa kwa chuma 220, mara 0.65 ya kanuni, ni kama 65. Jumla 255. Urefu nao unakata kidogo, chelewa ndefu inapinda mapema kuliko fupi, kwa nguzo ya mita 3 yenye unene huu inabaki asilimia 96, yaani kama 246. Mzigo ni 175. Inapita.

Sasa badilisha kitu kimoja tu, tofali. Nguvu iwe 3 badala ya 5, zile za mfuko mmoja tofali 50. Robo ni 0.75, inatoa 114, ongeza nondo 65, kata urefu, inabaki kama 172. Mzigo 175. Imefeli, na nondo ni zilezile. Na kama nguvu ni 5 lakini matundu matupu, nondo hazihesabiki, unabaki na kama 95. Hapo umefeli vibaya.

Kuna jambo jingine, lile neno mhimili. Hesabu zote hizi zimedhani mzigo uko katikati, na mzigo haukai katikati hata siku moja. Kanuni inakulazimisha udhani umehama walau moja ya kumi ya upande, kwetu milimita 39. Ni kama ndoo iliyokaa upande kichwani, shingo upande mmoja inakaza zaidi. Kwa kuhama huko mkazo wa upande mmoja unapanda toka 1.15 kuwa 1.84, na upande wa pili unashuka kuwa 0.46. Nyongeza ya asilimia 60 kwa milimita 39, upana wa vidole viwili. Ukihama milimita 65, moja ya sita ya upande, ule upande wa pili unakuwa sifuri, na ukizidi hapo nguzo inaanza kuachia kwa nyuma. Kwahiyo timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, sio urembo. Boriti iliyokalia ukingo wa nguzo kwa sababu fundi alikosea vipimo inaua nguzo kuliko tofali mbovu.

Watu wengi pia wanadhani udongo ukiwa mnene kati ya tofali ndo unashika vizuri. Ni kinyume. Udongo ni laini kuliko tofali, ukibanwa unataka kutoka pembeni kama jibini, na ukitoka unaivuta tofali nayo ifunguke. Ndo maana nguzo ya tofali inayozidiwa inapasuka wima, toka juu kwenda chini, wakati watu wanasubiri ufa wa mlalo. Milimita 10 inatosha. Ukiona ufa wima kwenye nguzo usipake plasta kuufunika, toa watu.

Kilwa Kisiwani kule msikiti mkuu, ambao msafiri Ibn Battuta alifika mji wake mwaka 1331, una nguzo na kuba za matumbawe na chokaa, hamna nondo hata moja. Sehemu zimeanguka, sehemu bado zimesimama. Waliojenga waliuelekeza uzito wote ushuke kwa kubana, na jiwe linapenda kubanwa. Nondo sisi tunaweka kwa ajili ya yale mengine, upepo, mzigo kuhama, msingi kutitia, na wala sisemi ziachwe. Ila mtu wa pwani akichanganya zege kwa mchanga wa ufukweni, chumvi inakula nondo, kutu inavimba kuliko chuma kilivyokuwa, inapasua nguzo kutoka ndani. Mvua moja haioshi mchanga huo, msidanganyane.

Basi baada ya hesabu tukatoka nje na nyundo ndogo. Ukigonga nguzo iliyojaa inaitika kizito, kama unagonga jiwe. Tukaanza chini: du, du, du. Kozi ya nne, ya tano, bado. Kozi ya sita ikabadilika, to, to, kama unagonga debe. Mpaka kozi ya kumi na moja ni debe, afu juu ikarudi kuwa jiwe. Nguzo ya pili hivyohivyo. Mjomba mwenyewe akachukua nyundo akarudia, akagonga taratibu, akakumbuka siku ile fundi alimwaga kutoka juu mara moja kwa sababu jua lilikuwa linazama.

Akauliza, tukitoboa tukajaza je? Nikamwambia inawezekana, tuite mhandisi aliyesajiliwa aangalie, ila kabla hujalipa hela ya kutoboa tuone chini kuna nini. Jumamosi tukachimba pembeni ya nguzo ya kwanza mpaka kwenye kitako. Milimita 600 kwa 600, mita za mraba 0.36, kimekalia mchanga mlegevu uleule wa kwetu ambao kanuni za zamani za Waingereza ziliutarajia ubebe chini ya kilonyutoni 100 kwa mita ya mraba. Kwa bati ilikuwa 25 gawanya 0.36, kama 69. Sikumhesabia hiyo nyingine. Alitoa simu mwenyewe, akafungua kikokotoo, akaandika 175, akagawanya kwa 0.36, ikatoka 486. Akaitazama, akaifuta, akaandika tena, ikatoka ileile. Afu akaniuliza bati za msauzi sasa hivi zinauzwaje.